Kabla Hujaingia Semina ya Kwanza: Mambo ya Kuzingatia kwa Mkufunzi Msaidizi Mpya

Kila mwaka wa masomo unapoanza huwaona vijana wakishuka katika stendi ya Kange wakiwa na begi moja, barua ya uteuzi ndani ya bahasha ya kaki, na imani kwamba mtu aliyehitimu shahada ya kwanza kwa wastani wa 3.8 au zaidi hawezi kushindwa kuongoza semina ya wanafunzi aliowatangulia kwa miaka miwili tu. Nami nilishuka hivyohivyo. Mji huu wa Tanga una msemo wake, waja leo warudi leo, na katika muhula wangu wa kwanza zilikuwapo siku nilizouona kama ushauri niliopewa mimi binafsi. Yafuatayo ni mambo ya kukamilisha kabla hujashika chaki, na ninayaandika kwa sababu mimi sikuambiwa hata moja.

Soma barua ya uteuzi mpaka mwisho, si mstari wa mshahara peke yake, kwa maana humo ndimo ulimo muda wa majaribio, cheo chako halisi na jina la mtu unayewajibika kwake. Ikiwa umechukuliwa kwa malipo ya saa, uliza ni fomu gani inayosainiwa baada ya kila kipindi, uisaini siku ileile na ubaki na nakala. Mhasibu hatakulipa kwa kumbukumbu zako. Pata muhtasari wa kozi, ratiba na orodha ya wanafunzi yenye namba za usajili. Kagua chumba cha semina siku moja kabla: hesabu viti, jaribu swichi, na kama paa ni la bati lisilo na dari, ujue kwamba mvua ya masika ikianza kupiga hakuna sauti ya binadamu itakayosikika, hivyo uwe na zoezi la kuandika la akiba.

Kuhusu mafunzo, usitarajie mengi, lakini yadai. Semina elekezi niliyohudhuria ilichukua siku mbili, na karibu muda wote uliishia kwenye fomu za hifadhi ya jamii, bima, kanuni za mavazi na hotuba. Ufundishaji ulipewa saa moja baada ya chakula cha mchana, wakati nusu ya ukumbi inasinzia. Kwa hiyo mwombe mkuu wa idara akupangie mlezi, yaani mhadhiri mzoefu atakayeketi nyuma ya darasa lako angalau mara mbili katika muhula na kukueleza baadaye, mkiwa wawili tu, ulipokosea. Omba pia ruhusa ya kuhudhuria mihadhara ya kozi unayoisaidia, kwa sababu wanafunzi hugundua haraka sana kwamba hujui kilichosemwa Jumatatu. Na ukumbuke kwamba semina si mhadhara mdogo. Ni mahali pa wanafunzi kuzungumza, ila mkufunzi mgeni huogopa kimya, akajikuta anaijaza saa nzima kwa sauti yake mwenyewe. Uliza swali, kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla hujajijibu.

Sasa nije kwenye jambo lililonigharimu. Usiguse karatasi hata moja ya majibu kabla hujawa na mwongozo wa usahihishaji ulioandikwa, ukakubaliwa na wasahihishaji wote na kusainiwa na mhadhiri wa kozi.

Chuo sitakitaja. Tulikuwa wakufunzi wasaidizi watatu katika kozi ya historia ya uchumi yenye wanafunzi 240, na kila mmoja alikabidhiwa karatasi 80 za jaribio la kwanza, ambalo lilikuwa na alama 20. Swali kubwa, la alama 10, liliwataka wanafunzi waeleze sababu za kuporomoka kwa uzalishaji wa mkonge nchini, na kwa mtu wa Tanga hilo ni swali la nyumbani. Mhadhiri alikuwa anaondoka kwenda safari, alisimama mlangoni, mkoba begani, akasema, “Tumieni busara, sababu zenyewe mnazijua.” Hakuna aliyeandika kitu.

Busara zikawa tatu. Mimi nilihesabu hoja: hoja tano, kila moja alama mbili, na aliyeitaja amepata. Mwenzangu wa pili alitoa nusu alama kwa kutaja na iliyobaki kwa maelezo. Wa tatu alifungua daftari lake la enzi za uanafunzi, ambalo lilisema kwamba anguko lilianza na utaifishaji wa 1967, na kila aliyeanza kwingine akakatwa. Matokeo yalipobandikwa ubaoni, kundi langu lilikuwa na wastani wa alama 14, na makundi ya wenzangu 10 na 9.

Kabla ya adhuhuri siku hiyohiyo walifika vijana wawili waliopanga chumba kimoja Makorora na waliojisomea pamoja. Majibu yao yalifanana karibu neno kwa neno, mmoja akiwa na 15 na mwenzake 8. Nyuma yao alikuja binti wa Korogwe, mjukuu wa manamba wa mashamba ya mkonge, akasema kwa adabu iliyonichoma kuliko matusi: “Mwalimu, naomba kueleweshwa. Uzalishaji ulifika kileleni 1964, zaidi ya tani 200,000, na bei ikaanza kushuka baada ya hapo kwa sababu ya nyuzi za sintetiki. Azimio la Arusha ni la 1967. Nimekosea wapi?” Hakuwa amekosea popote. Utaifishaji ulikuwa na sehemu yake katika anguko lile, lakini bei ilikuwa imeshatangulia, na alama za binti huyu zilikuwa zimeliwa na daftari la mtu.

Tulipojaribu kujitetea tukakuta kwamba majalada ya karatasi yalionyesha jumla tu, bila alama za kila swali, hivyo hatukuweza hata kumwonyesha mwanafunzi alipopoteza. Mhadhiri aliporudi alisema hakuwahi kuturuhusu kusahihisha bila mwongozo, nasi hatukuwa na hata ujumbe mmoja wa simu wa kumkumbusha. Tuliandikiwa barua za kutakiwa kujieleza. Karatasi zote 240 zilisahihishwa upya katika wiki ya mwisho ya Ramadhani; baada ya futari nilikuwa nikirudi ofisini wakati majirani zangu wa Chumbageni wanakwenda tarawehe, na mkesha wa Idd ulinikuta ninajumlisha. Wastani wa kundi langu ulishuka kutoka 14 hadi 11, na unaweza kukisia jinsi walivyonitazama kwa muhula uliobaki.

Utaratibu ninaowalazimisha wasaidizi wangu sasa ni huu. Baada ya kuusoma mwongozo pamoja, tunatoa nakala za karatasi kumi zilezile, kila mmoja anazisahihisha peke yake, kisha tunakaa meza moja na kulinganisha. Tunapotofautiana kwa alama mbili au zaidi tunabishana mpaka tujue ni kwa nini, na uamuzi unaongezwa kwenye mwongozo, pamoja na majibu sahihi ambayo mwongozo haukuyatarajia. Hapo ndipo kazi inaanza. Sahihisha swali moja kwa karatasi zote kabla ya kwenda la pili, kwa sababu jicho linalorukaruka huwa na huruma asubuhi na ukali jioni. Ukimaliza, rudia karatasi tano za mwanzo uone kama bado ungezipa alama zilezile. Jaza alama za kila swali kwenye jalada na uweke herufi za jina lako. Hesabu karatasi unapozipokea na unapozirudisha, kwa saini pande zote mbili, na alama zikae sehemu mbili tofauti. Mhadhiri akikupa maelekezo kwa mdomo, mwandikie jioni ileile: “Kama tulivyozungumza leo mchana…” Huo si utovu wa adabu kwa mkubwa.

Wakuu wa idara watasema nusu siku ya kulinganisha ni anasa. Katika vyuo vingi nchini tathmini endelevu, ambamo majaribio kama lile huhesabiwa, hubeba alama 40 kati ya 100, na tofauti ya alama nne tu inatosha kumpeleka mtu kwenye kile ambacho wanafunzi wenyewe hukiita sapu, yaani kurudia mtihani akiwa ameacha kibarua cha likizo. Nusu siku ni rahisi kuliko hilo.

Mengine ni mafupi. Usitume alama zenye majina kwenye kundi la WhatsApp. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwapo, aibu ya mtu si tangazo. Mlango wa ofisi uwe wazi mwanafunzi anapokuwa ndani, awe wa kike au wa kiume. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na ukiona anayeifanya ni mkubwa wako, namba ya TAKUKURU ni 113. Uliza mapema nani atagharimia shahada yako ya uzamili na ni miaka mingapi utatakiwa kumtumikia mwajiri baada yake, kisha usome mkataba huo kwa utulivu kuliko ulivyosoma ule wa kwanza. Usikopeshe wanafunzi wala usikope kwao. Zawadi usipokee, hata kapu la machungwa ya Muheza, kabla matokeo hayajatoka. Yakishatoka, fikiri kwanza. Beba maji ya kunywa. Na usipande bajaji na karatasi za mtihani zikiwa kwenye mfuko unaofanana na wa sokoni, maana zimewahi kusahaulika humo, ingawa hizo hazikuwa zangu.