Namna ya kuchanganya maji ya ORS na kumnywesha mtoto anayeharisha

Pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ya lita moja ina gramu 20.5 za unga: glukosi gramu 13.5, sitreti ya sodiamu gramu 2.9, chumvi ya kawaida gramu 2.6 na kloridi ya potasiamu gramu 1.5. Mchanganyiko huo, ambao Shirika la Afya Duniani na UNICEF wameupendekeza tangu mwaka 2002, hauui kidudu chochote wala haufungi tumbo, na mzazi ambaye hakuelezwa jambo hilo mapema huuacha baada ya saa chache akidhani kuwa dawa imeshindwa. Kazi yake ni kurudisha mwilini maji na chumvi ambazo mtoto anazipoteza kila anapoharisha, kwa sababu upotevu huo ndio unaomuua. Kuharisha kwenyewe huweza kuendelea siku kadhaa, na mtoto akabaki salama muda wote huo iwapo kinachoingia kinalingana na kinachotoka.

Inafaa kuelewa kwa nini sukari imo, maana wapo wanaoiongeza ili mtoto apende na wapo wanaoiondoa kwa hofu ya minyoo. Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba katika ukuta wa utumbo mwembamba glukosi na sodiamu huvuka pamoja, moja ikimshika mwenzake mkono, na maji huzifuata. Njia hiyo hubaki wazi hata utumbo unapoharisha vibaya. Chumvi peke yake haivuki vya kutosha. Sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza utumboni, na mtoto huharisha zaidi. Chumvi nayo ikizidi huingia kwenye damu na inaweza kuleta degedege. Ndiyo maana kipimo ndicho dawa yenyewe.

Nguvu ya maji haya ilionekana mwaka 1971 huko Bangaon nchini India, ambako wakimbizi wa vita vya Bangladesh walikumbwa na kipindupindu na maji ya dripu yakaelekea kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis alichanganya chumvi, glukosi na magadi soda katika mapipa, na ndugu wa wagonjwa wakawa ndio wanaowanywesha wagonjwa wao kikombe baada ya kikombe. Vifo vikashuka hadi chini ya wagonjwa 4 katika kila 100. Walionywesha hawakuwa wauguzi, na jambo hilo linapaswa kumpa moyo mama, bibi au dada yeyote anayebaki na mtoto mgonjwa usiku.

Sasa kuhusu kuchanganya. Nawa mikono kwa sabuni, kisha osha chombo, kifuniko na kijiko utakachotumia. Maji yawe yamechemshwa hadi yatokote na kuachwa yapoe kabisa, au yawe yametiwa dawa ya kutibu maji kwa muda ulioelekezwa. Kabla ya kufungua pakiti, soma kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, kwa kuwa ziko za lita moja, za nusu lita na ndogo zaidi, na zote hufanana mno zikiwa mezani. Pima maji kwanza, kisha mimina unga wote wa pakiti, koroga mpaka usione chembe, na onja mwenyewe kabla ya mtoto: ladha isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga uanze upya. Usigawe pakiti ukitumaini kutumia nusu leo na nusu kesho, kwa sababu chumvi na glukosi hazigawanyiki sawasawa ndani ya unga.

Makosa mengi hutokea kwenye kipimo cha maji, wala hayatokani na uzembe. Nimemwona mama mwangalifu kuliko wengi akimimina pakiti ya lita moja ndani ya chupa ya lita moja na nusu iliyojaa hadi shingoni, kwa hesabu yake ya chupa moja, pakiti moja. Alikuwa amenawa, maji yake yalikuwa yamechemshwa vizuri, na mtoto alikunywa bila kukataa, lakini kila kijiko kilikuwa na theluthi mbili tu za chumvi iliyohitajika. Njia rahisi ni kutumia chupa safi ya maji ya nusu lita: ijaze mara mbili kwa pakiti ya lita moja, mara moja kwa pakiti ya nusu lita. Ikiwa nyumbani hutumika kikombe, kipime kwa chupa hiyohiyo. Kikombe cha mililita 250 kitajaa mara mbili na chupa itakuwa tupu. Kisipofanya hivyo, hakifai kwa hesabu ya vikombe vinne kwa lita.

Unga ukishakuwa majini, usichemshe tena, usiongeze sukari, wala usichanganye na maziwa, mchuzi, juisi au soda. Funika chombo, kiweke mahali pa ubaridi, na andika saa uliyochanganya. Yakipita saa 24 mwaga yaliyobaki, hata kama ni mengi na moyo unauma kuyamwaga.

Pakiti ikikosekana na duka la dawa liko mbali, tengeneza ya nyumbani kwa lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya mfuto. Neno hilo la mfuto lina uzito hapa. Chukua kijiko kilichojaa, pitisha mgongo wa kisu juu yake mpaka sukari ilingane na ukingo, ndipo uhesabu kimoja. Kijiko chenye kilima huweza kubeba karibu mara mbili, na kwa upande wa chumvi tofauti hiyo ni hatari. Maji haya ya nyumbani hayana potasiamu, kwa hiyo mtoto aliyeanza kula apewe pia ndizi mbivu iliyopondwa. Watu wa Pwani hupenda kumpa mtoto dafu, na si vibaya, kwani lina potasiamu ya kutosha. Lakini sodiamu yake ni kidogo, hivyo liende pamoja na ORS na lisichukue nafasi yake.

Kumnywesha kunahitaji subira kuliko ujuzi. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji, yaani chini kidogo ya robo hadi chini kidogo ya nusu ya kikombe cha mililita 250. Wa miaka 2 na zaidi hupewa nusu kikombe hadi kikombe kizima. Mdogo apewe kijiko kimoja cha chai kila baada ya dakika moja au mbili, mkubwa anywe mafunda madogomadogo. Mpakate akiwa ameinuka kidogo, usimlaze chali. Mtoto mwenye kiu hutaka kupokonya kikombe na kugugumia, na mara nyingi huyatapika yote kwa mkupuo, kisha nyumba nzima inasema kuwa tumbo limeyakataa. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena taratibu zaidi, kijiko kimoja kila baada ya dakika mbili au tatu. Hata anapotapika, sehemu ya yale aliyokunywa huwa imekwisha kupita.

Anayenyonya aendelee kunyonya, mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, mchana na usiku, na aliyeanza kula apewe chakula kidogo kila baada ya muda mfupi. Ile desturi ya kulipumzisha tumbo kwa kumnyima mtoto chakula humwongezea udhaifu tu. Soda na juisi za dukani zina sukari nyingi mno, ziepuke. Dawa za watu wazima za kufunga choo hazifai kwa mtoto, na vidonge vya viuavijasumu vilivyobaki kabatini havina kazi kwa kuharisha kwingi kwa watoto, mpaka mhudumu wa afya amwone na kuamua.

Kuna jambo zito ambalo miongozo mingi hulipita kando. Katika jamii zetu mtoto mchanga akiharisha na kukonda huweza kusemwa kuwa amebemendwa, yaani anaugua kwa sababu wazazi wake wamevunja mwiko wa kujamiiana, na mama akabaki ndani kwa aibu siku mbili tatu akiogopa macho ya watu kliniki. Au husemwa kuwa ana meno ya plastiki, yaani meno yasiyo ya kweli yanayodhaniwa kumletea ugonjwa, akapelekwa kwa mtu anayemchokonoa fizi kwa kifaa kisicho safi. Utosi unapobonyea, wengine huupaka dawa juu ya kichwa, ilhali umebonyea kwa sababu maji yamepungua mwilini. Siandiki haya kwa kumdharau yeyote. Bibi anayeona utosi umebonyea ameona dalili ya kweli kabisa. Ninachomwomba ni kwamba jicho hilo kali liupeleke mkono wake kwenye kijiko na mtoto kwenye zahanati.

Nyumbani unaweza kupima upungufu wa maji kwa mkono wako. Mlaze mtoto, finya ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu kwa kidole gumba na cha shahada, ishike kwa sekunde moja, kisha uachie. Ngozi yenye maji ya kutosha hurudi papo hapo. Inayorudi polepole, hasa ikichukua zaidi ya sekunde mbili, inaashiria hatari. Mtoto apelekwe kituo cha afya bila kungoja asubuhi ikiwa macho yamedidimia, amelegea au ni vigumu kumwamsha, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, choo kina damu, au choo kinatoka kwa wingi kikifanana na maji yaliyooshea mchele. Mtoto wa chini ya miezi 2, na yule aliyekonda sana au aliyevimba miguu yote miwili, aende tangu siku ya kwanza, kwa kuwa matibabu yake ni tofauti. Njiani, ikiwa anaweza kumeza, endelea na kijiko.

Pamoja na ORS ulizia vidonge vya zinki. Mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10 kwa siku na aliyezidi umri huo miligramu 20, kwa siku 10 hadi 14, kidonge kikiyeyushwa kwenye kijiko cha maziwa ya mama au maji safi. Wazazi wengi huacha choo kinapokaza, siku ya tatu au ya nne, ilhali zinki inayomaliziwa ndiyo inayopunguza uwezekano wa mtoto kuharisha tena katika miezi miwili au mitatu inayofuata.

Ukitaka kumfundisha jirani au kikundi chenu cha akina mama, usiishie kwenye maelezo. Kati ya mwaka 1980 na 1990 shirika la BRAC la Bangladesh lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama zaidi ya milioni 12 kutengeneza maji haya kwa chumvi na sukari guru, na malipo ya mwalimu yalitegemea kile ambacho mama alikikumbuka na kuweza kukifanya mwalimu alipokwisha kuondoka. Fanyeni vivyo hivyo. Mwenyeji atoe kikombe chake, kijiko chake na maji ya nyumbani kwake, achanganye yeye huku wewe umekaa kimya, afute kijiko kwa mgongo wa kisu, kisha muonje wote wawili.