Kununua gari dogo la mkononi la kubebea maksai wawili

Mkulima wa Urambo au Igunga mwenye jozi moja ya maksai hahitaji Fuso. Anahitaji gari dogo la kuwafikisha shamba la pili, mnadani au kwa daktari wa mifugo bila kuwavunja miguu, na siku nyingine libebe magunia. Magari ya namna hiyo hayakosekani mkononi Tabora mjini na Nzega, na mengi yamepigwa rangi mpya ili yapendeze. Rangi isikushughulishe. Gari la mifugo huliwa kutoka chini, na kinacholila ni mkojo wa ng'ombe. Anayeanza kukagua kwa kukaa kwenye kiti cha dereva anaanzia mahali pasipo na habari.

Uzito kwanza

Maksai wa kienyeji aliyekomaa na kushiba huwa na kilo 250 hadi 350. Mwenye damu ya Ankole au Boran huzidi hapo. Kadiria 350 kwa kila mmoja, upate 700. Ongeza uzio wa mabomba na mbao za sakafu, ambavyo kwa pamoja hufika kilo 250 hivi, kisha mchungaji mmoja, nyasi na dumu la maji, kama 100. Umeshavuka tani moja. Na mzigo huu una miguu: gari likikata kona wote wawili huegemea upande mmoja, dereva akikanyaga breki wote husukuma mbele. Gari lililoandikwa tani moja kamili litakuwa limezidiwa kabla halijaondoka.

Kwa hesabu hiyo kirikuu, yaani Suzuki Carry na wenzake, inatoka. Uwezo wake ni kilo 350 na bodi yake haifiki mita 2 kwa urefu, kwa hiyo hata maksai mmoja ni wa kulazimisha. Townace ya mzigo, ya kilo 750 hadi 850, inafaa punda wawili, kwa sababu punda wa huku huwa kati ya kilo 120 na 160. Hilux ya kabini moja inaweza kubeba maksai wembamba kwa safari fupi, lakini uzio ukishafungwa juu yake gari linakuwa refu kwenda juu na jembamba chini, na hilo ndilo linalopinduka kwenye kona. Tafuta Canter, Dyna, Elf au Atlas ya tani moja na nusu hadi mbili, bodi fupi ya mita 3.1.

Usivutiwe na bodi ndefu ya mita 4 na zaidi kwa bei ileile. Ng'ombe wa kilo 300 hivi anahitaji eneo la mita 1 hadi 1.3 za mraba ili asimame vizuri. Wawili watachukua mita 2.6 kwa wingi. Bodi ya 3.1 kwa 1.6 tayari ina karibu mita 5 za mraba, yaani karibu nusu itabaki wazi na lazima sehemu ya nyuma uizibe kwa kizuizi. Nafasi ikizidi, mnyama hana cha kuegemea. Kila breki inampeleka hatua tatu mbele, na hatua ya nne anaanguka. Aliyeanguka karibu na mwenzake hukanyagwa.

Kuhusu kimo cha sakafu, Japani hutengenezwa aina mbili. Ipo ya chini, yenye rimu ndogo nyuma, ambayo sakafu yake iko kama sentimita 75 hadi 80 kutoka ardhini, na ipo ya juu inayofika 95 au zaidi. Ya chini ni rahisi kupakia na haiyumbi sana. Lakini kwenye udongo mweusi wa mbuga za Igunga wakati wa masika itakaa tumbo, na tairi zake za rimu ya inchi 12 au 13 huzipati kwenye kila duka. Kama njia zako ni lami ya Nzega au Sikonge na kilomita chache za changarawe, chukua ya chini. Kama unaishi ndani, chukua ya juu na ugharamie ngazi nzuri.

Chini ya gari

Nenda na bisibisi kubwa, nyundo ndogo, tochi na kipande cha turubai cha kulalia. Kabla ya hapo uliza gari lilikuwa likibeba nini. Lililobeba tumbaku au asali huwa na chuma kizuri. Lililobeba chumvi ya Uvinza au mbolea liangalie mara mbili: chumvi hujificha ndani ya chesisi, kwenye mikunjo ambayo maji ya kuoshea hayafiki, na inaendelea kula chuma hata miaka ambayo gari linabeba mbao. Mbolea na dawa za tumbaku zina jambo la pili, nalo ni kubaki kwenye nyufa za sakafu. Ng'ombe hulamba chochote chenye ladha ya chumvi. Sakafu ya gari kama hilo ing'olewe yote, isioshwe tu.

Ukiwa chini, anza na vyuma vya kukingama vinavyobeba sakafu. Hapo ndipo mkojo hutua kwanza. Kutu ya juu juu inayotoka kwa kukwaruza si neno. Kutu inayobanduka kama magamba, au chuma kinachobonyea ukikichoma bisibisi, kimekwisha. Vyuma viwili vikiwa hivyo vinabadilishwa. Vikiwa vinne, bodi nzima inahitaji kutengenezwa upya na bei ishuke kwa gharama hiyo. Kisha gonga chesisi kwa nyundo kuanzia nyuma ya kabini hadi mwisho. Chuma kizima hulia kwa mlio mkali, kilicholiwa hutoa sauti ya kufa. Sehemu za kutazama kwa tochi ni tatu: nyuma kidogo ya kabini, pale springi za nyuma zinaposhikwa, na kila penye alama ya kuchomelea. Kiraka cha bamba kilichochomelewa pande zote juu ya reli ya chesisi kina maana ya ufa uliofunikwa. Gari hilo liache, hata mwenyewe akikuapia.

Fuata mabomba membamba ya breki yanayopita kandokando ya chesisi. Bomba lililovimba kwa kutu litapasuka siku utakayokanyaga breki kwa nguvu zote, yaani siku unayoihitaji. Tazama pia waya za ethi na mikanda ya tangi la dizeli. Ekzosi isiwe na tundu chini ya bodi, kwa kuwa moshi hupanda kwenye nyufa za mbao na wanyama huuvuta safari nzima.

Sasa ng'oa ubao mmoja wa sakafu. Mwenye gari akikataa, umeshapata jibu. Ubao wa kubeba maksai uwe na unene wa inchi 2. Uchome bisibisi upande wa chini na kwenye matundu ya bolti: mbao huanza kuoza hapo huku juu zikionekana ngumu. Mguu wa maksai ukizama kwenye ubao uliooza gari likiwa kwenye mwendo, mnyama huyo amekwisha. Sakafu mbovu peke yake isikuzuie kununua kama chuma kilicho chini yake ni kizima. Tabora hatuna shida ya mninga.

Injini na breki

Mwambie muuzaji asiliwashe gari asubuhi hiyo. Ukifika shika rejeta; ikiwa ya moto amekuzunguka, rudi siku nyingine. Injini ya baridi husema kweli. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua, mweusi mara nyingi ni nozeli au chujio la hewa lililoziba, na mweupe usiokatika baada ya injini kupata moto ni dizeli isiyoungua au maji. Fungua mfuniko wa oili injini ikiwa inanguruma: hewa ikitoka kwa kusukuma kama pumzi, ringi zimechoka. Mapovu yanayopanda kwenye rejeta ni gasketi ya hedi.

Canter yenye injini ya 4D32 au 4D33 na Dyna yenye injini ya 3L au 5L ni chaguo la busara kwa huku, kwa sababu pampu zake ni za kawaida na mafundi wazizoea. Injini mpya za kompyuta hula dizeli kidogo, ila haziivumilii dizeli ya kwenye madumu yenye maji na mchanga, na zikizima Kaliua utahitaji mtu mwenye mashine ya kuzisoma.

Klachi jaribu hivi: vuta breki ya mkono, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini inatakiwa izime. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Kwa breki, zima injini, kanyaga pedali mara nne au tano hadi iwe ngumu, iendelee kushikwa na mguu, kisha washa. Pedali ishuke kidogo, hiyo ni busta, kisaidizi cha breki, inayofanya kazi. Ukiendelea kuikanyaga kwa dakika moja na ikazidi kuzama polepole, masta silinda inavujisha.

Halafu lijaribu likiwa na mzigo. Gari tupu hudanganya. Mifuko 14 ya saruji ni kilo 700, uzito wa maksai wako wawili. Kama huwezi kuiazima, jaza mchanga kwenye viroba. Kabla ya kupakia pima kutoka katikati ya tairi la nyuma hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto, kisha pima tena mzigo ukiwa juu. Tofauti ya zaidi ya sentimita 2 kati ya pande mbili ni springi iliyovunjika au kulegea. Endesha kwenye barabara mbovu, panda mwinuko, funga breki ukiwa na kilomita 40 kwa saa. Gari likivutwa upande mmoja, maksai nao watavutwa.

Bodi na ngazi

Uzio uanze sakafuni na ufike mita 1.5. Maksai wa kienyeji mgongoni ana mita 1.1 hadi 1.2, hivyo uzio wa kifuani unamshawishi aruke. Mabomba ya chini, hadi sentimita 60 kutoka sakafuni, yasipishane zaidi ya sentimita 20, maana mguu ukipita hapo hautoki mzima; au ziba sehemu hiyo kwa mbao. Yawe upande wa ndani wa nguzo. Pitisha mkono ndani kote: ncha ya bolti, msumari au mchomeleo uliobaki na meno utachana ngozi.

Kizuizi cha nyuma ni bomba la inchi 2 linalokingama kwenye kimo cha sentimita 90, mita 2.4 kutoka ukuta wa kabini. Kwa hivyo uzito unabaki mbele ya ekseli ya nyuma, na nyuma ya bomba unapata mahali pa nyasi na maji. Wapange maksai upande walivyozoea kwenye nira, wa kulia kulia. Watatulia zaidi. Wafunge kwa kamba ya kichwani yenye sentimita 50 hadi 60, fundo la kuvuta na kuachia, kamwe si kitanzi cha shingo.

Sakafuni laza wavu uliochomelewa wa nondo za milimita 12, miraba ya sentimita 30, kisha mwaga mchanga na makapi ya mpunga juu yake. Bamba tupu la chuma likilowa mkojo halisimamiki.

Ngazi iwe ndefu mara tatu ya kimo cha sakafu. Kwa sakafu ya sentimita 90, mita 2.7. Ikiwa fupi zaidi ni mlima, na viboko haviufupishi. Weka vibao vya kukingama kila sentimita 30 na kuta pembeni. Asiyetaka kubeba ngazi anaweza kurudisha gari nyuma kwenye kichuguu kilichochongwa mteremko, mradi pasibaki pengo la kuingia kwato.

Jambo moja kuhusu turubai. Karibu kila duka lina la bluu, na bluu ndiyo rangi inayowavuta mbung'o. Mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Tena hukimbilia kitu kinachotembea. Unapopita kwenye misitu ya miombo ya Sikonge au Kaliua, funika kwa turubai jeupe au la kaki, na uwache hewa pembeni.

Karatasi

Namba ya chesisi, ambayo kwa kawaida huchongwa kwenye reli ya kulia karibu na tairi la mbele, ifanane na kadi herufi kwa herufi. Ikiwa imesuguliwa, ondoka. Herufi za namba ya gari zinaonyesha wakati liliposajiliwa nchini, si wakati lilipotengenezwa. Namba D inaweza kuwa ya gari la miaka ya 90. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na kadi uione yenyewe, kwa sababu huenda kivuli unachoonyeshwa asili yake imewekwa rehani. Angalia faini za barabarani kabla ya kulipa. Mkataba uandikwe mbele ya mwanasheria na umiliki uhamishwe TRA, mamlaka ya mapato. Ukibeba mifugo ya watu kwa malipo utahitaji pia leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na kila safari ya mifugo ina kibali chake kutoka kwa ofisa mifugo.

Safari ya kwanza simama baada ya nusu saa, uangalie kamba na miguu. Matatizo mengi huonekana mapema. Ukirudi, osha siku hiyohiyo, maji yapite chini kwenye chesisi na siyo juu ya mbao tu, na uhakikishe matundu ya kutolea maji hayajazibwa na samadi. Oili chakavu ukiipaka kwenye chuma cha chini husaidia. Isifike sakafuni.