Kabla ya Kuandika Barua ya Kujiuzulu: Namna ya Kupanga Mapumziko ya Kazi

Nafanya kazi ya rasilimali watu jijini Nakuru, na wengi wanaofika mezani pangu wakiwa na barua ya kujiuzulu mkononi wana sababu nzuri za kuondoka, ila wamechagua tarehe mbaya. Mtu huyo huyo, kwa sababu zizo hizo, angesubiri wiki sita tu angeondoka na kiinua mgongo chake, mkopo wake ukiwa umepangwa upya na watoto wakiwa wameshalipiwa muhula. Mwongozo huu ni wa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi anayetaka kuacha kazi kwa hiari, akae nje ya ajira kwa miezi kadhaa ili asome, alee mtoto, auguze mzazi au apumzike tu, kisha arudi kazini. Utaona kwamba barua yenyewe inakuja karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba kujiuzulu ndiko unakohitaji

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi, yenye malipo kamili, kwa kila miezi 12 ya utumishi. Wengi wanaosema wamechoka kabisa hawajaigusa likizo hiyo. Ichukue kwanza, yote kwa pamoja ikiwezekana, simu ya kazi ikiwa imezimwa. Ikiwa hamu ya kuondoka itakuwa bado ipo siku ya kurudi, hapo una jambo la kupanga.

Kama kinachokutoa kazini kina mwisho unaojulikana, kwa mfano kumaliza tasnifu Chuo Kikuu cha Egerton au kumsimamia mama anayetibiwa Kisumu, omba kwanza likizo bila malipo. Sheria haimlazimishi mwajiri wa sekta binafsi kukupa likizo hiyo, kwa hiyo ulinzi wako wote uko katika makubaliano ya maandishi: utarudi tarehe gani, katika wadhifa upi, bima ya matibabu itaendelea au itasimama, na makato ya mikopo yatalipwaje wakati huo. Ahadi ya mdomo kutoka kwa meneja haitoshi, kwa sababu meneja naye huhamishwa.

Mtumishi wa umma apige hesabu nyingine. Anaruhusiwa kustaafu mapema kwa hiari akifikisha umri wa miaka 50, na kustaafu huko hakufanani kamwe na kujiuzulu linapokuja suala la pensheni. Mwenye miaka 48 anayetaka kuondoka leo aende kwanza kwenye ofisi yake ya utumishi aulize, kwa maandishi, atapoteza nini kwa kutosubiri.

Tena, ikiwa unaondoka kwa sababu mshahara haulipwi, umepunguzwa bila ridhaa yako, au unasukumwa uandike barua wewe mwenyewe, usifuate mwongozo huu. Nenda kwa afisa wa leba wa kaunti au kwa wakili kabla ya kutia sahihi chochote. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina vituo Nakuru na Kisumu, inaweza kuhesabu kuondoka kwa namna hiyo kuwa ni kufutwa, lakini barua inayosema “kwa sababu za kibinafsi” itakuwa imekufungia mlango huo kwa mkono wako.

Hatua ya 2: Orodhesha madeni yanayokatwa kwenye mshahara

Chukua hati yako ya malipo ya mwezi uliopita uisome mstari kwa mstari. Kila makato yaliyomo humo yatatafuta njia nyingine ya kukufikia mshahara ukikoma.

SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu deni lake halikuhusu wewe peke yako. Ulipokopa, wenzako wa ofisini walikudhamini kwa akiba zao, na usipolipa, SACCO ina haki ya kuwageukia. Nenda ofisini kwao mapema, mshahara ukiwa bado unaingia, ukaombe marejesho yarefushwe na yalipwe moja kwa moja kutoka kwenye akaunti yako au kwa simu. Waeleze wadhamini wako mpango huo kabla hawajausikia kwingine. Angalia pia umewadhamini nani, kwa maana huwezi kuondoa akiba yako hadi wapate mdhamini mwingine, na hata bila kikwazo hicho SACCO nyingi hudai notisi ya siku 60 kwa mwanachama anayejitoa. Ushauri wangu ni kwamba usijitoe kabisa. Endelea kuweka hata kiasi kidogo, kwa kuwa utakapopata kazi tena uwezo wako wa kukopa utapimwa kwa akiba hiyo.

Wapo wanaochukua mkopo mkubwa wa mwisho mwezi mmoja kabla ya kujiuzulu, wakijua fika kwamba hautakatwa tena. Nakuru na Kisumu ni miji ambayo watu wa taaluma moja hujuana, na mhasibu aliyewaachia wenzake deni atakutana nao kwenye mahojiano ya kazi.

Kwa mkopo wa benki, soma kifungu kinachoeleza kitakachotokea mshahara usipopita tena katika akaunti, kwa kuwa riba nafuu ya waajiriwa inaweza kuondolewa. Usitegemee bima ya mkopo: bima inayofidia aliyepunguzwa kazi kwa kawaida haimfidii aliyejiuzulu kwa hiari. Kama bado unalipa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, iarifu bodi hiyo na ulipe mwenyewe, kwani adhabu ya kutolipa ni shilingi 5,000 kwa kila mwezi.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya miezi yote, hata ile ya kutafuta kazi

Kosa la kawaida ni kuweka akiba ya miezi ya mapumziko pekee, kana kwamba siku ya kumaliza mapumziko ndiyo siku ya kuajiriwa. Mimi huongeza miezi minne ya kutafuta kazi, na kwa waliokuwa katika miradi ya afya ya Kisumu na magharibi huongeza zaidi, kwa sababu tangu Marekani ilipositisha misaada yake ya nje Januari 2025 watu wengi wenye ujuzi uleule wanagombea nafasi chache.

Tuseme nyumba yako inatumia shilingi 58,000 kwa mwezi baada ya kuondoa nauli ya kazini na chakula cha mchana, na marejesho ya SACCO ni shilingi 14,500. Jumla ni 72,500 kwa mwezi. Mapumziko ya miezi 6 na utafutaji wa miezi 4 ni miezi 10, yaani shilingi 725,000. Ongeza karo ya muhula wa kwanza, tuseme 27,000, na mchango wa afya wa mwaka, tuseme 10,000, umefika 762,000. Weka asilimia 10 ya dharura, na lengo lako ni shilingi 838,200. Ukiwa na 520,000 tu, hujakatazwa kuondoka, ila hesabu hiyohiyo inakuambia kwamba fedha zitatosha miezi 6 kwa jumla: miwili ya kupumzika na minne ya kutafuta kazi.

Stahiki za mwisho usizitie kwenye hesabu hii. Zitakuja, lakini mara nyingi huja zimechelewa. Pensheni nayo iache ilipo ikiwezekana. Waulize wasimamizi wa mfuko wako wa pensheni ni sehemu gani unayoruhusiwa kuchukua kabla ya umri wa kustaafu, kisha uulize pia kodi yake, ndipo utaona bei halisi ya fedha hizo.

Mchango wa afya unahitaji maelezo kidogo. Ukiwa kazini, mwajiri hukata asilimia 2.75 ya mshahara wako na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Ukitoka, unahesabiwa miongoni mwa wasio na mshahara, ambao mchango wao hukadiriwa kwa kipato cha kaya na hulipwa kwa mwaka mzima. Bima binafsi ya kampuni nayo kwa kawaida hukoma siku yako ya mwisho. Miwani, meno na vipimo vilivyokuwa vinasubiri vimalizwe kabla ya siku hiyo.

Akiba yenyewe igawanye. Miezi mitatu ya kwanza ikae mahali unapoweza kuichukua mara moja. Iliyobaki unaweza kuinunulia hati za Hazina za siku 91 au 182, yaani mkopo wa muda mfupi unaoipa serikali, ambazo huiva kwa tarehe unayoijua na hazikushawishi kuzigusa njiani.

Hatua ya 4: Chagua tarehe

Tandaza kalenda ya mwaka mezani na uweke alama kwenye siku za fedha. Mkataba wa muda maalumu wenye kiinua mgongo mwishoni unaweza kukunyima chote ukiondoka kabla haujaisha, na bonasi mara nyingi hulipwa tu kwa aliye kazini siku ya malipo. Kama mwajiri alikulipia masomo, tafuta ule mkataba ulioahidi kumtumikia kwa muda fulani. Halafu kuna Januari. Karo ya shule za bweni hugawanywa kwa uwiano wa 50, 30 na 20 katika mihula mitatu, kwa hiyo anayeacha kazi Desemba bila kuweka karo kando anaanza mapumziko yake kwa mwezi mgumu kuliko yote. Aprili au Mei huwafaa wazazi wengi ninaowashauri.

Angalia pia msimu wa kazi yenu. Kuondoka katika shamba la maua la Naivasha wiki chache kabla ya Februari 14, Siku ya Wapendanao, au katika ofisi ya hesabu za kaunti mwezi wa Juni mwaka wa fedha unapofungwa, ni haki yako kisheria, ila utakuwa umewaachia mzigo watu walewale watakaopigiwa simu kuulizwa habari zako.

Hatua ya 5: Zungumza na nyumbani

Mwenzi wako aone hesabu ya Hatua ya 3 yote. Wazazi na ndugu wanahitaji mambo mawili tu: tarehe ya kurudi na kiasi kitakachobadilika. “Mama, kuanzia mwezi wa tano hadi mwezi wa kumi na mbili nitatuma elfu tatu badala ya elfu tano,” inatosha. Huku kwetu, mtu asiye kazini huhesabiwa kuwa ana nafasi ya kila kamati ya matanga na kila safari ya hospitali; kama mapumziko ni ya kusoma, taja mapema siku utakazokuwa huru.

Hatua ya 6: Sasa andika barua

Angalia muda wa notisi katika mkataba. Usipotajwa, sheria inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi ya siku 28. Unaweza kuondoka mara moja kwa kumlipa mwajiri mshahara wa kipindi hicho. Kwa upande mwingine, ukitoa notisi naye akakwambia uende leo leo, anapaswa kukulipa siku alizokusamehe, isipokuwa mmekubaliana vingine.

Barua iwe fupi, hata ukiiandika kwa Kiingereza kama ilivyo desturi ya ofisi nyingi. Maudhui yake ni haya:

“Natoa notisi ya kujiuzulu kutoka wadhifa wa Mhasibu Msaidizi. Kwa mujibu wa mkataba wangu, notisi hii ni ya siku 30 kuanzia tarehe 1 Aprili, na siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe 30 Aprili. Naomba stahiki zangu zikokotolewe pamoja na siku za likizo ambazo sijazitumia, na nipewe cheti changu cha utumishi. Niko tayari kumkabidhi kazi yeyote mtakayemteua.”

Malalamiko yasiingie humo. Mwambie msimamizi wako ana kwa ana kabla ya kuipeleka, kisha nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Kujiuzulu hakuhitaji idhini ya mwajiri, na kwa sababu hiyohiyo, ukishaikabidhi barua huwezi kuirudisha bila yeye kukubali.

Hatua ya 7: Kusanya karatasi

Likizo isiyotumika hulipwa. Katika mwaka ambao hujaumaliza, kima cha chini cha sheria ni siku 1.75 kwa kila mwezi uliofanya kazi, kwa hiyo miezi 8 inakupa siku 14. Cheti cha utumishi ni haki ya yeyote aliyefanya kazi wiki nne au zaidi. Hutaja wadhifa na tarehe za kuanza na kumaliza, wala si barua ya sifa, ambayo mwajiri halazimiki kuitoa. Chukua pia fomu ya P9, inayoonyesha mshahara wako na kodi iliyokatwa, kwa kuwa utaihitaji kuwasilisha ritani ya kodi kwa mamlaka ya mapato, KRA, kabla ya Juni 30 mwaka unaofuata. Mwaka mzima ukipita bila kipato, ritani ya sufuri bado inadaiwa, na atakayeisahau hutozwa angalau shilingi 2,000. Stahiki zikikwama, andika barua ya kuzidai. Dai la ajira lina ukomo wa miaka 3.

Hatua ya 8: Anza kurudi kabla fedha hazijaisha

Siku ya kuanza kutuma maombi iwekwe kwenye kalenda tangu sasa, wakati akiba ya miezi minne ikiwa bado haijaguswa. Katika wasifu wako, yaandike mapumziko kama unavyoandika kazi, pamoja na mwezi wa kuanza na wa kumaliza: “Mei hadi Oktoba: mapumziko yaliyopangwa, kumuuguza mzazi.” Mwajiri anayesoma wasifu huitilia shaka miezi iliyoachwa wazi kuliko miezi iliyoelezwa kwa mstari mmoja. Kwenye mahojiano, jibu kwa sentensi mbili kisha urudi kwenye kazi unayoiomba. Ukiulizwa mshahara wako wa mwisho, utaje ulivyokuwa kwenye hati ya malipo, na usikubali kupunguziwa kwa hoja kwamba ulikuwa nyumbani. Hoja hiyo nimeisikia kutoka upande wa pili wa meza, na huachwa haraka mwombaji anapouliza kiwango kilichotengwa kwa nafasi hiyo.