Kabla hujamhukumu aliyekosa ibada

Ndugu akikosa ibada Jumapili tatu mfululizo, usiandike "amepoa kiroho" kwenye daftari la jumuiya. Andika ulichokiona tu: tarehe, na neno "hakuwapo". Sababu iache wazi mpaka uisikie kutoka kwake.

Kwa Kigoma, anza kwa kuangalia mwezi. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi huingia ziwani usiku wa giza, maana taa huvuta dagaa vizuri mbalamwezi isipokuwepo. Kengele ya asubuhi ikilia, ndiyo kwanza anashusha mzigo, au amelala hoi. Mwezi ukiwa mpevu kazi hupungua, na huenda ukamwona kwenye benchi lake.

Kisha mwendee, peke yako. Mathayo 18:15 inaagiza hivyo hata kwa aliyekukosea, sembuse ambaye hujui kama amekosa. Ukienda na msafara wa watu wanne atajitetea badala ya kueleza. Uliza, "Tumekukosa ndugu yetu, kwema?" Usiulize, "Mbona umeacha kanisa?" Swali hilo tayari ni hukumu. Halafu nyamaza, Mithali 18:13 inakuita mpumbavu ukijibu kabla ya kusikia.

Eli, kuhani mzima, aliona midomo ya Hana, mwanamke aliyekuwa akiomba moyoni, ikicheza bila sauti akadhani amelewa (1 Samweli 1:13). Alipomsikiliza, alimwambia aende kwa amani.

Na kama ulishamsema kwa watu, warudie haohao kabla ya Jumapili ijayo, uwaambie ulikosea.