Kutolewa damu ya sukari bila kuzimia

Naendesha matatu ya Kayole kwenda mjini Nairobi. Watu wakisikia kwamba mwanamume anayepambana na Jogoo Road alfajiri huanguka akiona sindano, hucheka mpaka wakashika mbavu. Wacheke tu. Mwenye kisukari haikwepi sindano: kuna ya kidoleni nyumbani, na kuna ya mshipani kliniki, hasa kwa kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3 iliyopita, ambacho wengi wetu huagizwa kila baada ya miezi 3 hadi 6. Ukikikimbia, daktari anabaki kubahatisha kiasi cha dawa.

Kwanza ijue hofu yako. Wapo ambao moyo huwaenda mbio na jasho likawatoka, lakini hawaanguki. Hao wakivuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, hutulia. Sisi wengine huanza hivyohivyo, kisha presha inashuka ghafla, masikio yanavuma, macho yanaingia giza, na chini puu! Kwetu sisi ule ushauri wa "legea, tulia" haufai kitu. Mwili unatakiwa ukazwe.

Keti, kunja ngumi, kaza mikono, mapaja na tumbo kwa pamoja, huku ukiendelea kupumua. Shikilia sekunde 10 hadi 15, mpaka uhisi uso unapata joto. Achia kwa sekunde 20 hadi 30, usilegee kabisa, kisha anza tena. Fanya hivyo mara 5. Mbinu hii iliendelezwa miaka ya 1980 na mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, pamoja na wenzake, kwa ajili ya watu wanaozimia wakiona damu. Mwenye presha ya juu au ugonjwa wa moyo amuulize daktari wake kwanza. Mimi hufanya mazoezi stejini nikingoja gari lijae. Abiria wa kiti cha mbele hudhani nimekasirishwa na trafiki. Siku yenyewe unakaza miguu na mkono usiodungwa. Ule unaodungwa uache, maana msuli uliokazwa huuma zaidi.

Ukifika maabara, sema kabla hujakunja mkono wa shati. "Sista, mimi huzimia nikidungwa. Naomba nilale." Mara nyingi jibu ni "Sawa mzee, panda hapo," na mambo yanaisha. Kuna mmoja aliwahi kuniambia nijikaze kiume. Nilimwomba aniitie mwenzake. Omba pia sindano ya kipepeo, ile nyembamba yenye vibawa vya plastiki, na uulize kama vipimo vyote vya siku hiyo vinaweza kutolewa kwa mdungo mmoja.

Uliza mapema kama kweli unatakiwa kufunga. HbA1c haihitaji, kwa hiyo kama ni hiyo peke yake, kula na unywe maji ya kutosha. Sukari ya kufunga ndiyo hutaka ukae angalau saa 8 bila chakula, ila maji matupu ni ruhusa. Kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, muulize daktari kuhusu dozi ya asubuhi hiyo. Na ukitetemeka huku njaa inakuuma, usiseme haraka ni woga. Huenda sukari imeshuka. Waambie wapime palepale.

Kuna krimu ya ganzi yenye lidokeini na prilokeini: inapakwa saa 1 kabla na kufunikwa kwa plastiki. Muulize mfamasia kama inakufaa.

Kidole nacho kina ujanja wake. Nawa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukauke vizuri; maji ya embe tu kwenye ngozi unaweza kupandisha namba. Ninginiza mkono chini kidogo damu ishuke. Dunga ubavuni mwa kidole, si katikati ya ncha, kwa sababu pale katikati ndipo tunaposhikia kila kitu na maumivu yake hayaishi upesi. Kifaa cha kudungia huwa na namba za kina: anza na ndogo, panda tu kama damu haitoki. Kwenye sindano zenyewe ni kinyume, namba kubwa ndiyo nyembamba. Ya 33 ni nyembamba kuliko ya 28. Badilisha kila mara, kwani iliyotumika hupoteza makali. Kama huwezi kutazama, geuka, kohoa mara moja, na ubonyeze wakati uleule wa kukohoa. Mimi hutazama redio.

Baada ya damu kutoka, bana pamba kwa dakika chache mkono ukiwa umenyooka. Kaa kwanza, teremsha miguu, ndipo usimame. Kama ulifunga, kula hapohapo; mimi hubeba mayai ya kuchemsha na nduma. Usukani humwachia skwodi, dereva wa kushikilia, mpaka mchana, na kondakta ameshazoea kunilipisha nauli nusu kama abiria.