Picha ipo kwenye TV, sauti haipo: anzia hapa

Wengi wanaoniletea laptop wakisema spika imekufa, spika zao ni nzima. Wameunganisha kwenye TV, picha ikaja, sauti ikagoma. Usitoe hela kwa fundi kabla hujajaribu haya.

Tazama waya kwanza. HDMI hubeba picha na sauti pamoja. VGA, ule wenye pini 15 na mara nyingi plagi ya bluu, haubebi sauti hata ufanyeje. Utahitaji waya wa pili, wa milimita 3.5, kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye TV.

Kama ni HDMI, mara nyingi Windows bado inapeleka sauti kwenye spika za laptop. Washa TV, chomeka waya, bofya alama ya spika chini kulia. Kwenye Windows 10 bonyeza kimshale kilicho juu ya mstari wa sauti. Kwenye Windows 11, kialama kilicho kulia kwake. Orodha ikifunguka, chagua jina la TV. Kisha funga programu ya muziki au filamu uifungue upya, maana nyingine hung'ang'ania spika ya mwanzo.

Jina la TV halionekani? Hamia tundu jingine la HDMI, badilisha chanzo (Source) cha TV kwa rimoti, zima laptop uiwashe waya ukiwa umechomekwa. Ikikataa, sasisha draiva ya kadi ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo. Sauti ya HDMI hupitia huko, si kwenye draiva ya spika, na hapa ndipo watu hupoteza siku nzima.

Na tafadhali, hakikisha TV yenyewe haijaelekeza sauti kwenye sabufa iliyozimwa.