Kupanda Miembe Iliyobebeshwa Katika Ardhi Kame ya Ukambani

Huko Makueni na Kitui, ambako mvua za vuli hutegemewa kuliko za masika, mwembe hupandwa vuli inapoanza, na shimo huchimbwa mapema, mwezi wa Agosti au Septemba. Kina na upana wa sentimita 60 vinatosha. Udongo wa juu utengwe na ule wa chini, kwa maana wa juu ndio utakaorudishwa kuzunguka mizizi, ukiwa umechanganywa na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Kitaluni wengi huvutiwa na mche mrefu, na kwa maoni yangu hilo ni kosa, kwa sababu mche uliokaa mno mfukoni mzizi wake mkuu huwa umejikunja, na mzizi uliojikunja haushuki vyema kutafuta maji. Kagua pia kovu la kubebesha, yaani pale kikonyo cha aina bora kilipounganishwa na mche wa kienyeji: lisiwe na ufa, na utepe wa plastiki uondolewe kabla haujaanza kulikaba shina. Kovu hilo libaki juu ya ardhi, na chipukizi lolote linalotokea chini yake likatwe, kwani hilo ni la mwembe wa kienyeji, si la aina bora uliyoilipia, kama Apple au Kent.

Maji ndiyo kazi yenyewe. Penye mteremko, inua tuta la nusu duara upande wa chini wa mche ili linase maji yanayotiririka. Wakati wa kiangazi, ni afadhali kumwaga ndoo ya lita 20 mara moja kwa wiki kuliko kikombe kila jioni, kwa sababu maji machache hulowesha juu tu na kuizoesha mizizi kukaa palepale jua linapochoma. Tandaza nyasi kavu, lakini ziache shubiri moja kutoka kwenye shina, kwa kuwa mchwa hujificha chini yake na kuguguna gome bila kuonekana.

Maua ya miaka miwili ya kwanza yakatwe, hata kama yanatia uchungu. Mti ukishakomaa, hesabu hugeuka: umwagiliaji usimamishwe miezi miwili hivi kabla ya msimu wa maua, kwani ukavu huusukuma mti kuchanua badala ya kuotesha majani, kisha maji yarudishwe pale viembe vinapofikia ukubwa wa njegere.